Kamati ya Mdomo Mmoja

Katubuka, Kigoma
16 Novemba 1997

Mkwe wangu Yohani,

Amahoro. Nakusalimu wewe, namsalimu Bibi Spesiosa, namsalimu na Mzee Ntakarutimana. Naomba barua hii iwakute mkiwa na kitu cha kujifunika na kitu cha kutia tumboni. Sisi huku miili ni mizima. Ukiniuliza habari za nyumbani nitakujibu "nzuri", kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu, lakini nzuri hatuna.

Nilirudi kutoka Mwamgongo nilikokwenda kumzika dada yangu. Boti iliponishusha sikufika hata kwangu, nilikwenda moja kwa moja kwenye Nyumba ya Wazee, maana nilisikia njiani maneno nisiyoyaelewa. Nikakuta mkeka wa Spesiosa umekunjwa, umeegemezwa ukutani kama wa maiti. Wazee waliobaki walikuwa wamekaa kibarazani, hakuna aliyetaka kuniangalia usoni.

Melania ndiye aliyenieleza. Askari walikuja asubuhi kukusanya Warundi wote wanaoishi nje ya kambi, hata ninyi mliokimbia vita mwaka sabini na mbili mkaozesha watoto hapa. Thobias alikuwa mlangoni. Akawaambia vile vile tulivyopatana kamati nzima ya Nyumba, nawe makamu mwenyekiti ukiwemo: "Hawa wote ni wazee wetu, ni Waha wa hapa hapa." Nani angebisha? Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Melania anasema askari walishageuka kuondoka. Ndipo wewe ukafungua kinywa ukasema, "Mimi ni Mrundi, na Spesiosa, na Ntakarutimana."

Mkwe, angekuwa mtu mwingine ningesema alilewa. Lakini wewe pombe ya ndizi unaionja kwa ncha ya ulimi kama padri! Kwa nini ulifanya hivi? Thobias alipigwa kofi na askari mbele ya soko zima akiitwa mwongo, akalala mahabusu. Tangu alipotoka anafungua meza yake ya dagaa na kuifunga, salamu yenyewe huijibu kwa kidevu.

Na Spesiosa, je? Yule mama haoni, lakini katika nyumba ile alikuwa hashikwi mkono na mtu. Kutoka mkekani hadi mlangoni, mlangoni hadi kwenye mlimao, kwenye mlimao hadi chooni, anapapasa ukuta huku anaimba. Miaka yote ile nilikuwa nikimwonyesha kila mgeni na kumwambia, tazama, hii ndiyo kazi ya kamati yetu, bibi kipofu anatembea peke yake. Sasa huko nani anamshika?

Sikiliza basi. Bwana mkubwa wa wilaya amemwambia Katekista Anatoli kwamba kamati ikienda mbele yake ikasema kwa mdomo mmoja kuwa wazee hawa ni wa kwetu, atawarudisha. Kwa hiyo tutakaa, na tutawarudisha. Anatoli anaruhusiwa kuingia kambini kufundisha dini, ndiye atakayebeba barua zetu. Mwanao Armelle na mjukuu wetu Ella ni wazima, wapo mahali, nisiseme wapi. Nimemtumia Spesiosa kigoda chake, kikombe chake, migebuka mikavu ya ziwani na majani ya mlimao.

Nijibu. Nina hasira nawe.

Mkwe wako,
Rozalia, mama Feliksi


Kambini, Kasulu
9 Desemba 1997

Mkwe wangu mpendwa Rozalia,

Amahoro. Kwanza pole kwa msiba wa dada yako. Ningekuja kukaa nawe matanga kama inavyompasa mkwe, lakini unajua nilipo. Msalimie Feliksi, na wale ambao hukusema walipo uwabusu kwa niaba yangu. Mimi naamka, naona mchana, nalala.

Umeniuliza kwa nini, nami nitakujibu bila kuficha. Siku ile nilikuwa nimekaa kibarazani na fimbo yangu magotini, nawasuluhisha wazee wawili waliogombania blanketi. Thobias akasema alivyosema. Askari wakageuka, ni kweli. Lakini afisa wao, kijana mwenye uso wa mtoto, alirudi, akavua kofia, akainama. Akasema: "Shikamoo, mzee. Mimi bibi yangu ni Muha wa Heru. Aliniambia mwenye fimbo kama hiyo huko Burundi hasemi uongo hata kwa kufa. Nitashika utakalosema wewe. Wazee hawa wote ni wa hapa?"

Mkwe, angenipiga ningemdanganya. Angenitukana ningemdanganya huku nacheka. Lakini aliniamkia, akaniuliza kama anavyoulizwa mshingantahe, mzee mwamuzi wa kilima. Unajua fimbo ya intahe, fimbo ya uamuzi, nilipewaje. Walinisimamisha mbele ya kilima kizima, wazee wakasema, kuanzia leo kinywa chako ni kinywa chetu. Nyumba yangu iliteketezwa, mashamba yakaenda, mke wangu nikamzika njiani kabla ya kuvuka mto. Nilifika Kigoma na mtoto mgongoni na fimbo hii mkononi. Nikisema uongo nimeishika, basi nilivuka na nini? Wahenga wenu wenyewe wanasema njia ya mwongo ni fupi.

Sasa habari za huku. Tuna hema moja sisi watatu. Chakula wanachotupimia ni mahindi mazima, magumu kama kokoto, na Ntakarutimana hana jino hata moja. Mashine ya kusaga ipo, lakini mwenyewe hukata sehemu ya mahindi kama malipo, kinachobaki hakimtoshi hata kuku. Spesiosa nilimfungia kamba kutoka hemani hadi chooni apate kuifuata. Kamba iliibiwa, kwa maana hapa kamba ni mali. Sasa namshika mkono mimi, na nikienda kwenye foleni ya chakula anakaa pale nilipomwacha, hata jua likimgeukia.

Ulifanya vema kutuma majani ya mlimao, na tena hukufanya vema. Alipoyanusa alisema, "Yohani wangu, tumefika nyumbani!" Akasimama, akaanza kutembea peke yake kwa haraka. Akaanguka kwenye mfereji, akachubuka goti.

Nendeni mbele ya bwana mkubwa mkawatetee hao wawili. Mimi niacheni. Ila fanyeni kwa utaratibu wetu niliowaletea: msihesabu mikono, kaeni mpaka wote muwe mdomo mmoja. Ndiyo maana shehe na katekista wanaketi benchi moja katika kamati ile bila kugombana.

Mkwe wako,
Yohani, baba Armelle


Katubuka
11 Januari 1998

Mkwe wangu Yohani,

Salamu za mwaka mpya, japo sijui mpya wake uko wapi. Vipi goti la Spesiosa? Vipi Ntakarutimana, anakula? Nimekutumia unga, Anatoli ameuficha chini ya vitabu vya sala, Mungu atamsamehe. Sisi tunaendelea.

Kamati imekaa. Shehe alikuja kutoka Ujiji kwa miguu katika mvua, kanzu yote tope, akasema hawezi kukosa siku ya Spesiosa. Melania alifunga kibanda chake. Anatoli alikuwepo, nami, na Thobias alikuja akakaa karibu na mlango. Nilidhani ni jambo la kusema amina tu. Nikauliza: tunakwenda mbele ya bwana mkubwa, tunasema ni wazee wetu, sote tumekubali? Wakakubali mmoja mmoja, nikafika kwa Thobias.

Akasema, "Mimi neno hilo nilishalisema. Nililisema peke yangu mlangoni, na makamu wenu akaligeuza uongo. Nimepigwa kofi na mtoto ninayeweza kumzaa, watoto wangu wanaangalia. Leo nikalirudie neno lile lile? Yohani aniombe radhi kwanza."

Tukambembeleza. Shehe alimtolea aya, Anatoli akamtolea zaburi, Melania akamtolea matusi. Hakusogea. Tukakaa mpaka adhana ya alasiri, tukatawanyika. Wiki iliyofuata tukakaa tena, ikawa vile vile. Na kwa utaratibu wako, mmoja akikataa hakuna neno linalotoka chumbani.

Mkwe, mimi simlaumu Thobias. Mwanzo nilimlaumu, halafu nikamwona sokoni mteja anamtania, "Dagaa hizi ni za hapa au utaniambia uongo?" Watu wakacheka. Yeye akapima dagaa, akafunga, akapokea hela.

Kwa hiyo nakuomba moja kati ya mawili. Ama mwandikie maneno machache tu: nisamehe, nilikuacha peke yako mlangoni. Ukishindwa kuyatunga nitakutungia mimi, wewe tia jina. Ama turuhusu tupige kura. Nimemuuliza bwana mkubwa, anasema wengi wakifika inamtosha. Lakini shehe na Anatoli wanasema utaratibu uliletwa na Yohani, hatuuvunji bila Yohani. Unaona ulivyotufunga? Mtu uko Kasulu, na bado umekalia mlango wa kamati.

Mlimao umezaa mpaka matawi yameinama. Mkeka wa Spesiosa naukung'uta kila Jumapili. Andika haraka.

Mkwe wako,
Rozalia


Kambini
15 Februari 1998

Mkwe wangu Rozalia,

Amahoro kwenu nyote. Unga ulifika, asante. Goti la Spesiosa limepona.

Ntakarutimana amefariki. Lilikuwa tumbo. Alianza kuendesha siku ya soko, akaisha kidogo kidogo, hakulalamika. Tulimzika nyuma ya kambi pamoja na wengine wa juma lile. Niliomba nafasi ya kusema maneno juu yake kama desturi, wakanipa, ila watu walikuwa na haraka.

Kuhusu mambo uliyoniandikia. Sikatai kwamba Thobias aliumia. Naumia kwa ajili yake. Lakini nikimwomba radhi kwa kusema kweli, nimekiri kwamba kweli ni kosa, na mtu wa umri wangu hawezi kukiri hilo akabaki na kitu. Na kura, hapana. Anayeshindwa kwa kuhesabiwa mikono huondoka na donge, kesho hulirudisha kwa njia nyingine. Nimeona vilima vikiungua kwa donge la namna hiyo. Ngojeni tu. Thobias ni mtu mwema, atalainika.

Spesiosa anakusalimu. Haimbi siku hizi.

Mkwe wako,
Yohani


Katubuka
1 Machi 1998

Yohani,

U mzima? Mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Ntakarutimana hakuuawa na tumbo. Ameuawa na kungoja. Nimemlilia na nimekulilia wewe, kwa maana mzee yule alikuwa akinichongea miiko, na sasa amelala mahali nisipoweza hata kupeleka ua, kwa sababu watu wawili wazima mnaangaliana nani aanze kusema nisamehe. Thobias nimemwambia hivi hivi usoni. Wewe nakuandikia.

Nilipokupa mwanangu amwoe mwanao, watu waliniambia Warundi ni wagumu. Nikajibu, afadhali mgumu kuliko mwongo. Najuta kujibu haraka.

Wewe umeshika fimbo yako. Spesiosa ameshika nini?

Rozalia


Kambini
19 Aprili 1998

Mkwe wangu Rozalia,

Amahoro, kama bado unazipokea salamu zangu. Nimechelewa kujibu. Anatoli alikuja mara mbili akaondoka mikono mitupu. Swali lako la mwisho lilikuwa limekaa nami ndani ya hema.

Mvua za masika huku ni nyingi. Maji yanapita chini ya hema, tunalala juu ya majani. Spesiosa alishikwa na homa akawa hali kitu. Mganga wa kambi alimpa dawa akasema ale kwanza uji, dawa isimkute tumbo tupu. Unga ulikuwepo kidogo, ule wako. Kuni hazikuwepo. Kutoka nje ya kizuizi kutafuta kuni hawaruhusu, na majirani kuni zao walikuwa wamezilalia wasiibiwe. Nilizunguka hema kwa hema. Wote wananijua, wananiletea ugomvi wao niwasuluhishe, wananiita mshingantahe. Kila mmoja alinionea huruma, hakuna aliyenipa hata kijiti.

Nikarudi. Nikamkuta Spesiosa anahema kwa shida. Nikaitazama fimbo.

Nilijaribu kuivunja kwa goti, ikakataa. Nikaazima panga kwa jirani, nikaikata vipande. Ilikuwa kavu ya miaka mingi, Rozalia, iliwaka vizuri kuliko kuni yoyote, haikutoa hata moshi. Uji ukaiva. Nikamlisha kwa kile kikombe chake. Nilikuwa nalia kwa sauti nisiweze kujizuia, akaniuliza, "Yohani, ni moshi?" Nikamwambia ndiyo, ni moshi. Homa imemwachia, ila amekonda sana, mkono wake ukiushika unahisi mifupa tu.

Sasa msomee Thobias maneno haya mbele ya kamati yote, na kama inawezekana msomee na sokoni: "Thobias ndugu yangu, ulisimama mlangoni kwa ajili yetu, nami nilikaa nyuma yako kwenye kiti nikakuacha upigwe. Nisamehe. Sikusema vibaya, lakini nilikutenda vibaya." Kama hayatoshi, aniambie anataka yapi, nitayaandika.

Na kama bado hakubali, pigeni kura. Hesabuni mikono, miguu, hesabuni chochote. Sisi ni Waha wa kijiji cha Kidahwe. Nimezaliwa Kidahwe, baba yangu alikuwa anafinyanga vyungu Kidahwe, Spesiosa ni dada yangu wa tumbo moja. Nitasema hivyo mbele ya yeyote. Mikono yangu ni mitupu sasa, hakuna kinachonizuia.

Fanyeni upesi. Nimemwahidi atarudi kwenye mlimao wake.

Mkwe wako,
Yohani


Katubuka
17 Mei 1998

Mkwe wangu, baba Armelle, ndugu yangu,

Amahoro, amahoro, mara nyingi! Spesiosa anaendeleaje? Anakula? Nisamehe kwa barua ile ya Machi. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu una mdomo mkubwa, unajua tangu siku ya mahari.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati. Nilipofika kwenye fimbo sauti ilinikatika, shehe akanipokonya karatasi akaendelea yeye, naye akakatika, ikabidi Melania amalizie. Thobias alisikiliza ameinama. Yaliposomwa yale yanayomhusu, alisimama akatoka nje. Nikasema basi, tumemkosa kabisa. Kumbe alikwenda kwake kuchukua mtungi wa pombe ya ndizi. Akaja nao, akammiminia kila mtu, shehe akapewa maji. Halafu akamimina kibuyu kimoja akakiweka juu ya kiti chako. Akasema, "Hiki ni cha Yohani. Akija atakinywa. Mimi na yeye tumeyamaliza."

Hatukuhesabu mikono, mkwe. Tulikuwa mdomo mmoja.

Kesho yake tulikwenda kwa bwana mkubwa wa wilaya, sote, Thobias mbele. Akasema yeye kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Ni wazee wetu wa Kidahwe. Nilisema mwaka jana na nasema leo." Sote tukasema hivyo hivyo. Bwana mkubwa alitusikiliza vizuri, akasema yeye haoni sababu ya kuweka vikongwe kambini. Atatuma afisa kambini awaulize wenyewe kwa vinywa vyao. Mkisema sawa na sisi, gari litawaleta mpaka mlangoni.

Kwa hiyo ni neno moja tu: Kidahwe. Mfundishe Spesiosa aseme Kidahwe, asichanganye, asianze kutaja mito ya kwao. Nimepiga chokaa ukuta wake anaoupapasa. Mlimao nimeukata tawi moja lililoziba njia, mwambie asishangae akilikosa. Thobias anasema siku ya gari atafunga meza yake aje kuwapokea.

Mwambie Spesiosa. Sasa unaweza kumwambia.

Mkwe wako anayewangoja,
Rozalia


Kambini
28 Juni 1998

Mkwe wangu Rozalia,

Amahoro. Natumaini Feliksi na wote ni wazima. Sisi ni wawili bado. Nakuomba ukae chini kabla ya kusoma mbele.

Nilimwambia Spesiosa siku ile ile barua ilipofika. Alicheka, mkwe. Tulifanya mazoezi kila siku kama watoto wa ubatizo. Namuuliza, bibi, umezaliwa wapi? Anajibu, Kidahwe. Baba yako? Mfinyanzi, Kidahwe. Alikuwa anajibu hata usingizini. Alianza tena kuimba.

Afisa akaja. Nilimsikia kabla sijamwona, aliposema "Shikamoo, mzee" nje ya hema. Alikuwa ni yule kijana. Yule yule aliyevua kofia. Akafurahi kuniona, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee, nilimsimulia bibi yangu habari zako. Nilimwambia, nimemwona mtu mmoja katika kazi hii ambaye hakunidanganya." Akaketi juu ya mganda wa majani kama mjukuu. Akasema, "Kamati yako inasema ninyi ni Waha wa Kidahwe. Sikutaka kumuuliza mtu mwingine. Wewe unasemaje?"

Nikasema, sisi ni Waha wa Kidahwe. Nikasema habari za vyungu. Sauti yangu ilitoka vizuri.

Alinitazama usoni. Akatazama magoti yangu, akatazama kona za hema. Akauliza, "Fimbo yako iko wapi, mzee?" Nikamwambia niliipikia uji. Hakucheka, hakukasirika. Macho yake yalijaa maji, nakuapia. Akasema, "Basi leo sitakuuliza zaidi, nisikuvunjie heshima. Nitashika lile neno ulilosema ukiwa na fimbo."

Nikampigia magoti, Rozalia. Mimi, umri huu. Nikamwambia, sawa, mimi ni mwongo, niache nifie hapa, lakini mrudishe huyu mama, yeye haoni. Akaniinua akasema, "Mzee, siku ile ulitaja watatu. Nikiamini neno lako kwako, nalikataaje kwake?" Hakumuuliza Spesiosa hata swali moja. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, midomo yake inatamka Kidahwe, Kidahwe, anangoja zamu yake.

Akaniaga kwa shikamoo tena. Nilimwitikia marahaba. Simchukii, nimejaribu nikashindwa.

Alipoondoka, Spesiosa alinishika shati. "Yohani, mbona hakuniuliza? Amesemaje?" Nikafungua kinywa nimwambie. Nikamwambia amekubali, gari litakuja kesho.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Kila asubuhi anafunga mzigo wake, kikombe, na yale majani ya mlimao yaliyokwisha kuwa vumbi. Anakaa mlangoni kwenye kigoda, ameuelekeza uso barabarani. Kila lori la mahindi likipita anasimama. Jioni namwambia gari limeharibika. Siku nyingine namwambia daraja limekatika, siku nyingine dereva ana msiba. Sikujua kama nina maneno mengi hivi. Jirani mmoja alimwambia kwa huruma, bibi, hakuna gari linalokuja. Akamkemea: "Wewe humjui Yohani. Yohani hasemi uongo." Akala uji wake wote siku ile, akalala vizuri.

Mwambie Thobias ninakishukuru kibuyu chake, akinywe yeye, na akikalie kiti changu, awe makamu. Mkeka wa Spesiosa mpeni mzee mwingine mwenye shida. Watoto wale ambao hukusema walipo, wabaki huko. Majani ya mlimao usitume tena.

Leo asubuhi ameniuliza kama kawaida, tayari ameshafunga mzigo. Nimemwambia ni kesho.

Mkwe wako,
Yohani